Alamu ya gari huita watu, haimshiki mwizi

Alamu ya gari inapolia mtaani saa nane za usiku, wakazi wengi hugeuka upande wa pili kitandani na kungoja inyamaze. Wamezoea. Juzi ililia kwa sababu ya paka, jana kwa sababu ya lori lililopita, na hakuna kilichoibiwa. Hatari ni kwamba usiku ambao mwizi atafika kweli, alamu italia vilevile na majirani watageuka vilevile.

Jambo hili linaihusu kaunti moja kwa moja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la maegesho na taa za barabarani, pamoja na kudhibiti kelele zinazosumbua umma. Huduma ya polisi iko chini ya serikali ya kitaifa. Katikati yuko mwenye gari, ambaye mara nyingi amelinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na hulitegemea kubeba maziwa, mboga au abiria. Ni muhimu ajue alamu yake inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini.

Vihisi, kisanduku na king'ora

Alamu ya kawaida ina sehemu tatu. Ya kwanza ni vihisi. Kwenye milango, boneti na buti kuna swichi ndogo, zile zile ambazo mara nyingi huwasha taa ya ndani mlango unapofunguliwa. Kihisi kingine hufungwa chini ya dashibodi na hutambua mtikisiko, kwa mfano kioo kikigongwa au gari likisukumwa. Baadhi ya magari yana pia kihisi cha mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu. Mtu akiingia ndani, mawimbi hayo hubadilika na kihisi hutambua.

Sehemu ya pili ni kisanduku cha udhibiti, ambacho ndicho ubongo wa mfumo. Kisanduku hupokea taarifa za vihisi na amri za rimoti. Gari likiwa limefungwa kwa rimoti na mlango ukafunguliwa bila rimoti kutoa ruhusa, kisanduku huamua kuna mvamizi.

Sehemu ya tatu ni king'ora chenyewe, pamoja na taa za kuonyesha kona ambazo huwaka na kuzima. King'ora bora huwa na betri yake ndogo, ili kiendelee kulia hata mwizi akikata waya za betri ya gari. Kisicho na betri hiyo hunyamaza mara moja.

Kazi ya sehemu hizi tatu ni kuita watu. Alamu ya kelele peke yake haizuii injini kuwaka wala magurudumu kuzunguka. Nguvu yake yote inategemea kama kuna mtu atakayesikia na kutoka.

Rimoti na hila ya kwenye maegesho

Mtu anapobonyeza rimoti, ujumbe wa siri husafiri kwa mawimbi ya redio hadi kwenye gari. Rimoti za zamani zilituma ujumbe ule ule kila mara, na mwizi mwenye kifaa cha kunasa mawimbi angeweza kuurekodi na kuutumia baadaye. Rimoti nyingi za sasa hubadilisha ujumbe kila zinapobonyezwa. Gari na rimoti hufuata hesabu moja ya siri, hivyo gari hujua ujumbe unaofuata na hukataa uliokwisha kutumika.

Wezi nao wamepata hila rahisi zaidi. Badala ya kuiba ujumbe, huuzuia usifike. Mwizi akiwa karibu na kifaa cha kuvuruga mawimbi, mwenye gari hubonyeza rimoti huku akiondoka bila kuangalia nyuma. Milango haikufungwa, alamu haikuwashwa, na mwizi hufungua mlango kama gari ni lake. Kinga yake haihitaji pesa: baada ya kubonyeza rimoti, ngoja usikie milango ikifunga na uone taa zikimweka, kisha vuta kitasa kwa mkono.

Magari yanayowashwa kwa kitufe, bila kuchomeka ufunguo, yana hatari nyingine. Ufunguo wake huwasiliana na gari wenyewe ukiwa karibu. Wezi wawili wanaweza kurefusha mawasiliano hayo, mmoja akisimama na kifaa karibu na mlango wa nyumba na mwingine karibu na gari, hadi gari lidhani ufunguo upo hapo. Wenye magari ya aina hii wanashauriwa kuweka ufunguo ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko usiku. Chuma huzuia mawimbi.

Imobilaiza: mlinzi asiyepiga kelele

Kinachozuia gari kuondoka ni kifaa kingine, imobilaiza. Ndani ya plastiki ya ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Ufunguo unapochomekwa, koili iliyozunguka tundu la swichi huipa chipu umeme kidogo kwa njia ya mawimbi, nayo hujibu kwa kutaja namba yake ya siri. Kompyuta ya gari isipoitambua namba hiyo, injini haitawaka, au itawaka na kuzima baada ya sekunde chache. Ndiyo sababu ufunguo uliochongwa mjini unaweza kufungua mlango vizuri na bado ushindwe kuwasha gari.

Kifaa hiki kimethibitisha thamani yake. Umoja wa Ulaya uliyataka magari yote mapya ya abiria yawe nacho kuanzia Oktoba 1998. Wataalamu wa uchumi waliochunguza takwimu za Uholanzi walikadiria kwamba kilipunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40.

Hapa Kenya magari mengi huagizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na si yote yaliyo na vifaa hivi. Si ajabu gari kuwa na rimoti ya kufunga milango lakini lisiwe na alamu wala imobilaiza. Taa nyekundu yenye picha ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi mara nyingi ni dalili ya imobilaiza, lakini uhakika hupatikana kwenye kitabu cha maelezo ya gari au kwa fundi wa umeme anayeaminika.

Kwa gari lisilo nayo, fundi anaweza kufunga swichi ya siri au rilei inayokata umeme. Hapa tahadhari inahitajika. Kifaa kinachokata umeme wa stata huzuia gari kuwashwa, lakini hakiwezi kuzima injini inayokwenda. Kinachokata pampu ya mafuta au umeme wa injini kinaweza, waya ukilegea, kuzima gari likiwa barabarani kwa kasi. Usukani huwa mzito na breki huhitaji nguvu zaidi. Mwulize fundi anakata waya gani, na umtake akabidhi rimoti zote kabla hujaondoka gereji.

Traka nayo ina kazi tofauti. Hupokea mawimbi ya setilaiti ili kujua gari liko wapi, kisha hutuma taarifa hiyo kwa laini ya simu. Humsaidia mwenye gari baada ya wizi, mradi laini ina malipo na kuna mtandao mahali gari lilipo.

Alamu inayolia ovyo

Sababu za alamu kulia bila mwizi ni chache na zinarekebishika. Kihisi cha mtikisiko huenda kimewekwa kuwa kikali mno. Swichi ya boneti huweza kuingia maji au kutu, hasa msimu wa mvua. Betri ya gari ikichoka, umeme hushuka na kisanduku hudhani kuna mtu anayechezea waya. Kioo kilichoachwa wazi huruhusu upepo kuamsha kihisi cha ndani.

Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kelele kubwa zisizo za lazima zinazowasumbua wengine. Zaidi ya sheria, kuna faida ya mwenye gari mwenyewe: alamu inayolia mara moja kwa mwaka huwaamsha majirani, ile inayolia kila usiku hailindi chochote.

Mambo ya kufanya

Wenye magari wanashauriwa kuzingatia haya:

– Jaribu alamu yako mchana. Funga gari ukiwa ndani, ngoja dakika moja, kisha fungua mlango kwa mkono bila rimoti. Isipolia, mwone fundi. Wajulishe majirani kwanza.

– Egesha penye taa na watu. Kwa kawaida ada ya maegesho hulipia nafasi, wala si ulinzi wa gari au mizigo iliyo ndani.

– Usiache kitabu cha umiliki, ufunguo wa akiba au simu ndani ya gari.

– Soma mkataba wa bima. Baadhi ya kampuni huweka sharti la alamu au traka, na fidia inaweza kukwama sharti lisipotimizwa.

– Badilishaneni namba za simu na majirani, ili anayesikia alamu aweze kumpigia mwenye gari.

Alamu ikilia na ukaona watu usiowajua kwenye gari, usiwakabili peke yako. Washa taa za nje, mpigie mwenye gari, na uwaarifu polisi kwa 999 au 112. Gari likiibwa, ripoti mara moja katika kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na namba ya usajili, rangi na namba ya chesi, upewe namba ya OB, kisha uijulishe kampuni ya bima na ya traka. Kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka saba kwa anayepatikana na hatia ya kuiba gari.

Wakazi wanaoona taa za barabarani zimezimika karibu na maegesho wanaombwa kuripoti katika ofisi ya msimamizi wa wadi, ili taa hizo zirekebishwe.