Kisu cha Mfukoni Chenye Zana Nyingi: Kipi Kinunuliwe?

Katika kila nyumba ziko kazi ndogo ndogo zisizostahili kuitiwa fundi, lakini zisipofanywa huleta udhia mkubwa. Parafujo ya kitasa imelegea, mkono wa miwani umechomoka, waya wa kuanikia nguo umekatika, kopo la maziwa halina cha kulifungulia. Kwa kazi za namna hii, watu wa Uswisi na wa Marekani wamebuni chombo kimoja kiingiacho mfukoni, na ndani yake mna kisu, bisibisi, tupa, mkasi, na pengine koleo. Vijana wetu wavitamani sana vyombo hivi, na wazazi hutakiwa wavinunue hali hawajui tofauti zake. Twapenda kuzieleza, khasa kwa kuwa fedha itakiwayo si haba, na masoko yamejaa vya bandia.

Kwanza yapasa kujua asili yake, maana asili ndiyo itoayo hukumu.

Mwaka 1884 fundi visu aitwaye Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, katika jimbo la Schwyz, nchini Uswisi. Zama zile jeshi la nchi hiyo lilitaka kila askari awe na kisu cha kukunja kitakachoweza kufungua makopo ya chakula na kufungulia bunduki isafishwe. Visu vya kwanza vilifanywa Solingen, Ujerumani, kwani Uswisi haikuwa na kiwanda kiwezacho kutoa vingi kwa mara moja. Elsener hakuridhika na jambo hilo, na mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi visu vyake mwenyewe. Kilikuwa na mpini wa mti, makali moja, msharasi, kifungulia kopo na bisibisi. Wajerumani waliviuza kwa bei nafuu zaidi, naye akakaribia kufilisika. Hata hivyo hakuacha, na mwaka 1897 alisajili kisu chepesi zaidi cha maofisa, ambacho hadi leo ndicho mfano wa vile vyekundu vyenye msalaba mweupe. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, aliita kiwanda kwa jina lake. Mwaka 1921, walipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, kiitwacho kwa Kifaransa inox, majina mawili yaliunganishwa yakawa Victorinox. Kiwanda cha pili cha Uswisi, Wenger cha Delémont, kiligawana kazi ya jeshi na Victorinox kwa karibu miaka mia. Lakini kilinunuliwa na mwenzake mwaka 2005, na visu vyake havitoki tena kwa jina hilo. Basi mwenye Wenger ya zamani na aitunze.

Chombo cha Kimarekani kina kisa kingine. Mwaka 1975 Tim Leatherman, mtu wa Oregon, alikuwa akisafiri Ulaya pamoja na mkewe katika motokaa kuukuu ya Fiat. Motokaa iliharibika mara kwa mara, na mabomba ya hoteli za bei rahisi nayo yalivuja. Kisu chake cha mfukoni kilifaa kwa mambo mengi, ila daima alikosa koleo. Aliporudi kwao alishika kazi ya kuunda kisu chenye koleo, na miaka mingi ikampita. Hataza aliipata mwaka 1980, na viwanda alivyovipelekea vikakataa. Mwaka 1983 yeye na rafiki yake Steve Berliner wakaanzisha kampuni yao; walitaraji kuuza 4,000 mwaka wa kwanza, wakauza karibu 30,000.

Basi msomaji aone: cha Uswisi ni kisu kilichoongezwa zana, na cha Marekani ni koleo lililoongezwa zana. Mtu asiyeitambua tofauti hii hununua kwa kuhesabu idadi, na idadi ndiyo mtego wenyewe. SwissChamp ya Victorinox yatajwa kuwa na matumizi 33, nayo ina uzito wa gramu 185. Lakini katika hesabu za watengenezaji, kijiti cha meno ni kimoja, pete ya ufunguo ni kimoja, na ubapa mmoja ufunguao kopo kisha ukafanya kazi ya bisibisi huhesabiwa mara mbili. Hatusemi kuwa ni uongo. Lakini mtu ajiulize ni vitu gani vitatu avitumiavyo kila juma, naye ataona kwamba vingine ni mzigo wa mfuko tu.

Kwa mwanafunzi, kwa mama wa nyumbani, kwa mzee akatae machungwa na kufungua barua, cha Uswisi chatosha na kubaki. Hapa liko jambo dogo linalotuhusu sisi khasa. Kile kiitwacho Spartan, ambacho maduka mengi hukitoa kwanza, kina mgongoni parafujo ya kuzibulia chupa za mvinyo. Nyumba zetu zina haja gani nayo? Ndugu yake Tinker, mwenye urefu ule ule wa milimita 91 na uzito wa gramu 60 hivi, mahali pale pana bisibisi ya njia nne. Mwenye duka aulizwe Tinker, na atakaye mkasi pia aulize Super Tinker. Mkasi huo, kwa maoni yetu, wavishinda vyote vya namna yake: hukata uzi, kucha na bandeji bila kutafuna, na springi yake ikivunjika hubadilishwa kwa mkono.

Amma fundi wa baiskeli, wa umeme, wa mabomba, au mvuvi mwenye mashine, huyo koleo ndilo lake. Wave ya Leatherman, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1998, ndiyo ijulikanayo zaidi. Makali yake hufunguka kwa mkono mmoja bila ya kufungua mipini, na kila zana kubwa hujifunga isirudi kukata vidole. Katika Wave+ ya sasa vikatio vya waya vikichakaa hufunguliwa vikatiwa vipya. Uzito wake ni gramu 241, nao huhisiwa mfukoni mwa kanzu. Yataka ala ya mkanda. Aibu yake ni moja: vichwa vyake vya bisibisi ni bapa, vya namna yake peke yake, kwa hivyo vile vya kawaida vya dukani haviingii mpaka mtu anunue kiungo cha ziada. Huko Marekani huuzwa kwa dola 100 na zaidi, na Tinker hupatikana kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Leatherman hutoa dhamana ya miaka 25. Victorinox hutoa dhamana isiyo na mwisho kwa kasoro ya kiwandani, lakini si kwa uchakavu wala matumizi mabaya.

Victorinox nao hufanya koleo, SwissTool, na jingine jepesi zaidi liitwalo Spirit. Tukiulizwa lipi limeundwa kwa ufundi safi zaidi, twasema Spirit: bawaba zake hufunguka laini, hazichezi, na kingo hazikwaruzi kiganja. Gerber, ya Oregon vile vile, ina koleo litokalo kwa kurushwa mkono mmoja, nalo lamfaa aliye juu ya ngazi, ijapokuwa taya zake hulegea kidogo mkononi. SOG wametia meno ya gia katika bawaba ili nguvu ya mkono izidi. Hukata waya mgumu vizuri, ila gia hizo huweza kubana ngozi ya kidole.

Vya bandia havihesabiki. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinunua kisichokuwa na jina kwa thamani ya vikombe vichache vya kahawa, na siku ya kwanza alipokaza nati ya baiskeli taya moja likakatika. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi atazame shina la makali makubwa, jina la kiwanda liwe limechongwa pale wala si kupakwa rangi. Akiinue kwenye mwanga, asione nafasi kati ya matabaka. Afungue na kufunga kila zana, asikie springi ikigonga sawasawa. Hata koleo la kweli halikuumbwa kuwa spana.

Twaongeza tahadhari. Mipini ya koleo hizi ni chuma kitupu, basi asishike nazo waya wenye umeme. Chuma kisichoshika kutu nacho hushika kutu penye hewa ya chumvi, na sisi watu wa pwani twaijua hewa hiyo: kioshwe kwa maji ya vuguvugu, kikaushwe, bawaba zitiwe tone la mafuta. Wala kisitumiwe kuchinjia siku ya Idd. Makali yake ni mafupi, mafuta na damu huganda ndani ya bawaba, na mnyama ana haki ya kisu kikali kilichonolewa kwa kazi hiyo.

Kijana aendaye kusoma Uingereza ajue kuwa sheria ya huko huruhusu kuchukua hadharani kisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Tinker imo humo. Wave, kwa kuwa hujifunga, haimo, isipokuwa mtu awe na sababu njema kama ya kazi. Na tangu mashambulio ya Septemba 11, 2001, visu hivi vilipigwa marufuku ndani ya ndege, hata mauzo ya Victorinox katika viwanja vya ndege yakaanguka. Aendaye Hija au Umra na akitie katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege, tena akitoe mfukoni usiku wa kabla ya safari, kwani wapekuzi wakikikuta mlangoni hawakirudishi.