Mkono wa kulia na siri ya sauti ya besi

Wengi wanaoanza kujifunza gitaa la besi huamini kwamba sauti nzuri hununuliwa dukani. Ukweli ni kwamba kuusogeza mkono wa kulia sentimita chache tu kunaweza kuibadilisha sauti hiyo, bila ya kutoa hata riyali moja.

Katika mtaa wa Al-Malqa, kaskazini mwa mji wa Riyadh, jambo hili lina uzito wake. Saudi Arabia ilitangaza mpango wake wa Dira ya 2030 mwaka 2016, matamasha ya hadhara yakarejea mwaka 2017, na mwaka 2020 ikaundwa Kamisheni ya Muziki chini ya Wizara ya Utamaduni. Kijana anayebeba gitaa begani leo hawashangazi watu kama zamani.

Kwa Mkenya, Mtanzania au Mganda anayefanya kazi huko, mlango umefunguka, lakini mshahara wake una wenyewe: karo za watoto, dawa za wazazi na nyumba inayojengwa kijijini. Fedha inayokwenda kwenye amplifaya mpya ni fedha ambayo haikufika nyumbani. Kwa hiyo ni vyema kujua kwanza mkono unaweza kufanya nini.

Uzi unavyotetemeka

Uzi wa gitaa la besi la kawaida una urefu wa takriban sentimita 86, kutoka juu ya shingo hadi kwenye briji, yaani kile kipande cha chuma kinachozishikilia nyuzi upande wa chini. Ukiupiga, uzi hautoi sauti moja. Hutoa sauti kuu nzito, na pamoja nayo sauti nyingine nyembamba zinazoifuata.

Mahali kidole kinapougusa uzi ndipo panapoamua ni zipi kati ya sauti hizo zitakuwa na nguvu. Ukipiga karibu na shingo, sauti kuu hutawala na besi huwa nene na laini. Ukipiga karibu na briji, zile nyembamba hujitokeza, na besi huwa kavu, kali na yenye kusikika wazi.

Mkono wenyewe pia huhisi tofauti. Karibu na shingo uzi ni mlegevu na huyumba sana, hata unaweza kugonga freti na kukwaruza. Karibu na briji uzi ni mgumu, na kidole kinahitaji nguvu zaidi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni mkono wa kushoto. Unapobana uzi kwenye freti ya 12, sehemu inayotetemeka hubaki nusu, kiasi cha sentimita 43. Mkono wa kulia uliokuwa sentimita 17 kutoka kwenye briji ulikuwa kwenye sehemu ya tano ya uzi. Sasa umejikuta karibu na katikati, na sauti inakuwa nene bila ya wewe kutaka. Dawa yake ni kuusogeza mkono kuelekea kwenye briji kadiri unavyopanda shingo.

Mabingwa na mikono yao

Tangu kampuni ya Fender ya Marekani ilipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, wapigaji wameitumia siri hii kila mmoja kwa namna yake. James Jamerson, aliyepiga katika nyimbo nyingi za Motown, alitumia kidole kimoja tu cha shahada. Jaco Pastorius, ambaye albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976, aliupeleka mkono karibu na briji, na sauti yake ikajulikana kwa uwazi wake.

Nyumbani Afrika Mashariki pia mifano ipo. Msikilize Tom Malanga katika Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Magitaa mengine yanazungumza juu, na besi inajibu chini, kila noti ikisikika peke yake. Katika muziki wa namna hii, besi nene kupita kiasi huzifunika nafasi ambazo wimbo unazihitaji ili upumue.

Wapigaji wa udi, wa Jeddah au wa Unguja, nao wanalijua jambo hili. Risha ikisogea kuelekea mwisho wa nyuzi, udi hutoa sauti kali. Ikirudi nyuma, sauti hulainika.

Simu haidanganyiki

Kuna sababu nyingine kwa anayeishi mbali na kwao. Uzi mzito wa besi, ukiachwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa sauti ya chini kiasi hicho. Ndugu aliye Tanga au Mombasa anayepokea wimbo uliorekodiwa Riyadh huisikia besi kupitia zile sauti nyembamba, kisha sikio lake likajaza lililobaki. Besi iliyopigwa juu ya shingo tupu inaweza kumfikia kama haipo kabisa.

Je, uanzie wapi? Vaa hedifoni ili usiwaudhi majirani, na usiguse kitufe chochote. Piga noti moja mara nane mwisho wa shingo, mara nane katikati, na mara nane karibu na briji, kwa nguvu ileile. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza kwa spika ya simu hiyohiyo. Rudia kwa wimbo mmoja unaoujua vizuri. Anayepiga kwa mkono wa kushoto afanye hivyohivyo kwa kugeuza mikono.

Fanya hivyo kwa mwezi mmoja. Ikiwa baada ya hapo bado unaona unahitaji amplifaya mpya, angalau utajua unakwenda dukani kutafuta nini.