Ganda Linapokataa Kutoka

Mlio darasani, fungueni madaftari. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: GANDA, KULABU, JINO. Someni kwa sauti, kisha tuendelee.

Somo la leo ni la wenzetu walio mgambo na askari wa wanyamapori wa vijiji, wale ambao hukabidhiwa bunduki kwa kazi. Wengine msiondoke, maana bunduki iliyokwama ni hatari kwa kila aliye karibu nayo. Wala simfundishi mtu kutafuta silaha. Sheria ya mwaka 2015 inakataza kuwa na bunduki bila kibali, na hiyo haina mjadala.

Tuseme uko katika bonde la Ruvuma, upande wa Mahurunga, usiku, mpunga umekwisha kuzaa. Kiboko ametoka mtoni. Unapiga risasi moja hewani, mbali na nyumba za watu, ili arudi majini. Unataka kupiga ya pili, bunduki kimya. Unapapasa gizani, unakuta ganda la risasi ya kwanza limesimama dirishani kama mfupa kooni. Nyuma yako wamesimama vijana wanne waliokuja kutazama. Mtu mwenye haraka huanza kuvuta na kupigapiga, mtutu unageuka huku na huku. Hapo hatari ya kiboko ni ndogo kuliko hatari ya bunduki.

Basi kwanza tuijue bunduki yenyewe. Ile tunayoiita SAR ilibuniwa na Mrusi, Simonov, mwaka 1945. Wachina walianza kuitengeneza mwaka 1956. Hata wapiganaji wa FRELIMO, waliopigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma tangu 1964 mpaka 1974, walikuwa nayo. Hubeba risasi kumi, na kila ukivuta kifyatulio hutoka moja tu. Lakini kazi ya kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine huifanya yenyewe. Kwa nguvu gani? Kwa gesi ya baruti.

Risasi ikipita katika mtutu, gesi kidogo huingia katika tundu dogo lililo juu ya mtutu. Gesi husukuma pistoni, pistoni husukuma bolti irudi nyuma. Kwenye bolti kuna KULABU, chuma kidogo chenye ncha iliyopinda. Hushika ukingo wa ganda na kulivuta litoke chembani, kama mvuvi avutavyo samaki kwa ndoana. Upande wa kushoto, ndani ya bunduki, kuna JINO lisilosogea. Ganda likija nyuma hugonga jino hilo na kurushwa nje, kuumeni. Kisha springi huirudisha bolti mbele na risasi mpya huingia. Haya yote huisha kabla hujapepesa jicho.

Ikikwama, usiulize mara moja kwa nini. Elekeza mtutu mahali pasipo mtu, na uuache huko. Toa kidole katika kifyatulio, funga usalama. Ukiwa umevuta kifyatulio na baruti haikulia, hesabu polepole mpaka thelathini kabla ya kugusa bolti, maana risasi mbovu huweza kuchelewa kuwaka. Halafu fungua kifuniko cha magazini chini, risasi zilizobaki zianguke. Vuta bolti nyuma uishikilie, tazama chembani. Kama ni giza, ingiza kidole. Kidole hakidanganyi.

Ganda likiwa limebaki chembani, na una hakika ni ganda tupu, shikilia bolti nyuma, chukua ule ufito wa chuma ulio chini ya mtutu, ambao wenye magobore wangeuita mdeki, ulisukume kutoka mdomoni mwa mtutu. Simama kando. Lakini kama huna hakika, yaani pengine ni risasi nzima, usiingize kitu. Mpelekee mkufunzi wako, mtutu ukielekea mahali salama njia nzima. Nasema tena: usiingize kitu.

Sasa tunaweza kuuliza sababu. Liokote ganda ulitazame ukingo wake. Ukingo ukiwa umechanika au umekwaruzwa sana, kulabu ilivuta, ila ganda liling'ang'ania: chemba ina kutu au uchafu. Alama ikiwa ndogo, kulabu iliteleza. Huenda imelika, springi yake imechoka, au kuna masizi chini yake. Ukingo ukiwa safi kabisa, ama kulabu imevunjika ama bolti haikurudi nyuma hata kidogo.

Ganda likitoka chembani lakini likabanwa dirishani, mara nyingi gesi haikuwa na nguvu ya kutosha. Bolti ilirudi nusu ya njia, ganda halikufika kwenye jino, au lilifika kwa uvivu. Safisha pistoni na bomba lake. Masizi yakikauka humo huwa magumu kama ukoko wa sufuria. Tazama pia kama bomba limebonyea, na kama umepaka grisi nzito mahali pa mafuta mepesi. Kuna dalili ambayo wengi huipuuza: magunda, samahani, maganda, huanguka wapi? Yakiwa zamani yaliruka hatua kadhaa kuumeni, na sasa yanadondoka karibu na mguu wako, bunduki inakuambia mapema kwamba inaziba.

Kwetu pwani adui mkubwa ni chumvi, nayo huja kwa njia mbili. Ya kwanza mnaijua. Mtu wa Msimbati hahitaji kuelezwa upepo wa bahari unavyokula msumari. Ya pili wengi hawaijui: risasi nyingi za zamani, za Kirusi na za Kichina, zina fataki ambayo ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, chembani na kwenye pistoni. Chumvi hiyo hunywa maji ya hewani, na kwa unyevu wa Mtwara kutu huweza kuonekana asubuhi inayofuata. Mafuta peke yake hayaiondoi. Umewahi kuona chumvi ikiyeyuka katika mafuta ya nazi? Haiyeyuki. Huyeyuka katika maji. Kwa hiyo, siku ile ile uliyopiga, osha mtutu, chemba, pistoni na bomba kwa maji ya moto, kausha kabisa kwa kitambaa, ndipo upake mafuta kidogo. Wako wanaocheka wakiambiwa waoshe bunduki kwa maji. Waache wacheke, kisha mlinganishe mitutu yenu baada ya masika.

Chemba lakini, kabla ya kupiga, ipanguswe iwe kavu. Mafuta humo hukamata vumbi, na huongeza kishindo kinachoipiga bolti.

Ukishatoa bolti kwa kuisafisha, itikise karibu na sikio. Pini ya kupigia iliyo ndani lazima ichezecheze. Pini ikigandia mbele kwa uchafu, risasi huweza kulipuka yenyewe bolti inapojifunga, bila kidole chako. Bunduki ya namna hiyo haipewi risasi hata moja mpaka fundi wa silaha ameitazama. Kadhalika kulabu iliyovunjika na springi iliyochoka ni kazi ya fundi, si ya tupa yako nyumbani.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni sentensi moja kwa kila neno lililo ubaoni. Kisha mjibu swali hili: ganda limetoka chembani, limebanwa dirishani. Je, kulabu ilishika au haikushika? Toeni sababu.