Anza na Printa Yako

Mteja wa steshenari amesimama kaunta na fomu ya mkopo kwenye flashi. Anachotaka ni karatasi itoke, tena sasa hivi. Ndiyo maana mtu akiniuliza mfumo gani wa kompyuta unafaa, nami humuuliza kwanza: una printa gani?

Windows haina mshindani hapo, kwa kuwa karibu kila printa iliyoko madukani ina draiva yake. Gharama zimejificha kwingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba hazifiki huko. Leseni ya Windows 11 Home ni dola 139 kwa bei ya Marekani, ndiyo maana wengi humwendea fundi awapigie Windows ya wizi. Tafadhali usifanye hivyo. Flashi za watu zinaingia kwenye mashine yako kutwa nzima. Kirusi kimoja kikikaa humo, kila mteja anaondoka nacho.

Mac huchapa bila usumbufu printa ikiwa na AirPrint, teknolojia ya Apple ya kuchapa bila draiva. Lakini mfumo wake hauuzwi peke yake: Mac mini ya M4 ilianza kuuzwa mwaka 2024 kwa dola 599 huko Marekani, bila skrini wala kibodi. Kwa duka dogo, fedha hizo ni heri zinunue printa nzuri na karatasi.

Linux Mint ni mfumo wa bure na unatosheka na RAM ya GB 4. Huchapa kwa kutumia CUPS, programu ileile iliyomo ndani ya Mac, hivyo printa yenye AirPrint kwa kawaida hukubali bila draiva. HP nao wana draiva zao za Linux, ziitwazo HPLIP. Kazi ipo kwa baadhi ya leza ndogo za Canon zinazotumia CAPT, mfumo wa uchapaji wa Canon wenyewe. Hizo zinaweza kukumalizia siku nzima. Jambo jingine: LibreOffice, mbadala wa Word kwenye Mint, hufungua faili za Word, ila majedwali huweza kusogea, na CV ya kurasa mbili ikatoka tatu. Waombe wateja walete PDF.

Kompyuta yako ikikubali Windows 11, na leseni unayo, baki hapo. Ikiwa ni ya zamani, weka Mint kwenye flashi, iwashe kutoka humo bila kufuta chochote, unganisha printa, chapa ukurasa mmoja, kisha skani. Na kama printa bado hujanunua, nenda dukani na laptopu yako na flashi hiyo. Muuzaji akikataa kukujaribishia, tafuta mwingine.