Kabla ya Kubadilisha Tembe, Ulizia Ini

Huenda yupo mtu hapa Makadara anayemeza dawa za VVU kila usiku na, bila kuambiwa, anajitibu homa ya ini aina ya B. TLD, tembe iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2018, ina dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hizo mbili za mwanzo huvibana virusi vyote viwili. Basi mwenye maradhi yote mawili hushinda Marikiti na shughuli zake, macho meupe, tumbo halijajaa maji.

Balaa huja tembe ikikatika. Virusi vya B havikutoka mwilini. Vimejificha ndani ya kiini cha seli za ini. Dawa ikiisha nguvu vinaweza kuzaana upya kwa kasi, kinga ya mwili ikavivamia, na ini likaumia katika vita hivyo. Mkojo hugeuka kama chai ya rangi iliyokolea, macho yakawa manjano. Wengine hufa. Mfungaji wa Ramadhani hana sababu ya kuacha: dozi ni moja kwa siku, ataimeza baada ya futari au wakati wa daku.

Lakini si mgonjwa peke yake anayeweza kukosea. Figo zikilegea, tabibu huweza kuiondoa tenofoviri na kuweka abakaviri, ambayo haiwezi kitu mbele ya homa ya ini. Hapo lamivudini hubaki peke yake, na baada ya muda virusi vya B huizoea. Sindano mpya za kabotegraviri na rilpivirini nazo hazivigusi. Kwa maoni yangu, asibadilishiwe mtu dawa kabla kipimo cha homa ya ini aina ya B hakijaandikwa kwenye faili lake.

Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole, kijikaratasi, na kungoja kama robo saa. Wanaotafuta kazi Saudia au Qatar wanakijua. Hupimwa kabla ya viza.

Asiye na virusi hivyo achanjwe. Kenya iliingiza chanjo hii kwa watoto wachanga mwishoni mwa 2001, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla hawakuipata. Kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Mwenye VVU huenda asijenge kinga ya kutosha, hivyo apimwe tena baada ya dozi ya mwisho, na pengine aongezewe.