Sura za Wazee Wetu Zisipotelee Ukunguni

Usione vyaelea, vimeundwa, walinena wahenga. Mtu anayezitazama picha za watu wa Kenya zilizochorwa na Joy Adamson, ambazo nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, aghalabu husifu ushanga, ngozi na mapambo ya kichwani, kisha akaenda zake. Ni wachache wanaojiuliza picha hizo zilipatikanaje. Na ni wachache zaidi wanaouliza: huyu aliyechorwa alikuwa nani, mwana wa nani? Swali hilo la pili ndilo linalopaswa kutushughulisha, hasa walimu na wanafunzi wa Nyeri, Murang'a, Karatina na Nanyuki.

Ulimwengu unamkumbuka Adamson kwa sababu ya simba aliyeitwa Elsa na kitabu alichokichapisha mwaka 1960. Lakini kabla ya simba ilikuwapo brashi. Mama huyo alizaliwa mwaka 1910 katika himaya ya Austria, akafika Kenya mwaka 1937. Kwanza alichora maua, na aliwahi kupiga kambi juu ya misitu ya Mlima Kenya, kwenye baridi kali, ili ayachore maua ya huko. Baadaye makao yake yalikuwa Isiolo, kaskazini mwa mlima huo, ambako mumewe George alikuwa msimamizi wa wanyamapori. Mnamo 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, kabla mavazi hayo hayajatoweka. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akachora picha zaidi ya 500. Nyingine zilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu watu wa Kenya.

Kazi hiyo si ya kubezwa. Kuchora sura ya mtu si sawa na kupiga picha kwa kamera. Anayechorwa hukaa kitako kwa saa nyingi, shingo ikamuuma na subira ikamwishia. Mchoraji naye hana budi kuona namna kope zinavyolegea, mdomo unavyobana siri, na mikunjo ya paji la uso inavyosimulia miaka ya jembe. Lau si jitihada za mama yule, mapambo mengi ya babu zetu tungeyasikia katika hadithi tu.

Hata hivyo, kila kazi hubeba dosari ya lengo lake. Serikali ilitaka mavazi. Kwa hiyo aliyechorwa aliketi kwanza kama kielelezo cha kabila lake na cheo chake: mzee wa baraza, mganga, kijana aliyetoka jandoni. Nafsi yake na jina lake vilikuja baadaye, ikiwa vilikuja. Isitoshe, miaka ya kazi hiyo ilikutana na miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali iyo hiyo iliyolipia picha za wazee waliovalia ngozi ndiyo iliyowahamisha wakazi wa Nyeri na Murang'a na kuwafungia katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na seng'enge.

Tumtazame Dedan Kimathi, mwana wa Tetu, Nyeri. Picha yake inayojulikana zaidi inamwonyesha amelala, mikono imetiwa pingu. Ilipigwa baada ya kukamatwa kwake tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa mikononi mwa waliomwinda. Alinyongwa Februari 18, 1957, na ilichukua miaka 50 kamili kabla ya sanamu yake kuzinduliwa jijini Nairobi, akiwa amesimama. Hilo ndilo funzo: asiyechorwa na watu wake huachiwa sura aliyopewa na wengine.

Lakini tusidhani kwamba hapakuwa na mfano mwingine. Katika kanisa kuu la Mtakatifu James mjini Murang'a, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vile, Elimo Njau alichora ukutani picha tano za maisha ya Kristo mwishoni mwa miaka ya 1950. Njau, aliyezaliwa Marangu, Tanganyika, mwaka 1932 na kusomea Makerere, hakutafuta sura Ulaya. Kristo wake ni mweusi, na mandhari yake ni ya Waafrika. Muumini aliyeinua macho aliona watu wanaofanana na mama yake na jirani yake. Hapo mtu hakuwa kielelezo tena. Alikuwa mwenye nyumba.

Basi tufanye nini? Msimu wa baridi, ambao Wakikuyu huuita gathano, huanza Juni na kuendelea hadi Agosti. Ukungu hushuka kutoka Nyandarua na Kirinyaga, manyunyu hayakatiki, na jua huweza kufichika siku nzima. Rangi za maji hukawia kukauka. Lakini mwanga wa mawingu ni mwanana. Haukati uso vipande kwa vivuli vikali. Majani ya chai hukua polepole, na wazee huota moto jikoni. Na makaa ya jiko lilo hilo, yakishapoa, ni kalamu isiyohitaji kukaushwa.

Likizo ya Agosti huangukia papo hapo. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi moja tu: kila mmoja aketi na bibi au babu yake, amchore kwa mkaa au penseli, na huku akichora amwulize habari zake. Nyuma ya karatasi aandike jina kamili la mzee, kijiji alikozaliwa na jambo moja alilosimulia. Mtaala wa umilisi umerudisha sanaa darasani, na shule za upili za juu zina mkondo wa sanaa na michezo. Kisingizio cha ukosefu wa vifaa hakina mashiko pale mkaa unapopatikana bure.

Wapo watakaosema kwamba simu hupiga picha mara moja, na kwamba picha za watoto zitakuwa mbovu. Nyingi zitakuwa mbovu kweli. Lakini simu haimlazimishi mjukuu kumtazama nyanya yake kwa saa mbili. Wanaoikumbuka Hali ya Hatari wanazidi kupungua kila msimu wa baridi. Karatasi yenye mistari iliyopinda na jina lililoandikwa sawasawa ina thamani kuliko picha nzuri ya mtu asiyejulikana.