Kinanda Bubu: Namna ya Kuchagua Kontrola Yenye Vitufe Vizito

Mhariri aliniomba niandike "kitu cha teknolojia", nadhani alitegemea makala ya umeme wa jua, maana ndiyo kawaida yetu sisi mainjinia. Nimeamua kuandika juu ya kinanda, na sababu ninayo.

Mwaka jana tulikuwa na ibada ya kumuaga mwenzetu aliyefariki huku ughaibuni, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani. Nikaombwa nipige. Mimi nimepiga kinanda kanisani Moshi tangu niko shule ya msingi, nikaona hakuna shida. Kufika ukumbini nakuta piano, ile yenyewe ya mbao. Wimbo wa kwanza tu, nilipotaka kupiga kwa upole kama inavyotakiwa msibani, nusu ya noti hazikutoka. Kidole kinashuka, kimya. Nikiongeza nguvu, mlio unapasuka kama debe. Mwishoni nikaondoa mikono, watu wakamalizia wenyewe bila mimi. Mama wa marehemu alikuwa kwenye simu, anasikiliza kutoka Arusha.

Usiku ule sikulala, na kazi ya injinia asiyelala ni kutafuta hitilafu iko wapi. Kumbe ilikuwa kwenye vidole vyangu. Vinanda vingi vya makanisani kwetu vina vitufe vya plastiki vinavyorudishwa juu na springi. Ni vyepesi, na kwa mapambio ya haraka vinafaa sana, sivilaumu. Ila piano ni mashine nyingine kabisa. Ukibonyeza kitufe cha piano hugusi waya, unarusha nyundo. Kitufe kinashuka karibu milimita 10, na kabla hakijafika chini nyundo imeshaachiwa, inaruka peke yake kwenda kupiga waya. Ukiisukuma taratibu mno haifiki. Ndicho kilichonipata.

Sasa piano ya mbao huwezi kuiweka katika chumba chetu hapa Bladensburg. Tuko ghorofa ya tatu, ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamjibu. Na posho ya mwanafunzi mnaijua, wengine tunabeba boksi wikiendi ili mwezi ufike mwisho. Njia iliyobaki ni kontrola: kinanda bubu kisicho na sauti yake, kinachopeleka taarifa za vidole kwenye kompyuta kwa utaratibu wa MIDI uliotoka mwaka 1983. Programu ndani ya kompyuta ndiyo inayotoa mlio, wewe unasikia kwenye hedifoni, jirani analala.

Ndani ya kontrola, chini ya kila kitufe kuna sensa mbili. Kidole kinapita ya kwanza, halafu ya pili. Mashine inapima muda uliopita kati yake na kuugeuza kuwa namba kati ya 1 na 127. Hapo hakuna nguvu inayopimwa, ni mwendo tu. Kwa hiyo uzito wa kitufe kazi yake si kutoa sauti, ni kukipa kidole kitu cha kusukumana nacho ili mwendo wake uweze kutawalika.

Matangazo yanachanganya hapa. Kuna "nusu uzito", ambayo kwa kawaida ni springi ileile iliyoongezewa ugumu kidogo. Springi inakuwa ngumu zaidi kadiri unavyoshuka. Nyundo ni ngumu mwanzoni, ikishaanza kwenda inakwenda. Ni tofauti kati ya kuvuta mpira wa manati na kusukuma gari lililozimika. Kwenye maelezo ya kifaa hakikisha nyundo imetajwa, si uzito peke yake. Vizuri zaidi kama uzito unapungua kutoka noti nene za kushoto kwenda nyembamba za kulia, maana nyundo za piano ndivyo zilivyo.

Chukua sarafu 10 za nikeli uende nazo dukani. Kila moja ina gramu 5 kamili, jumla 50, na hapo ndipo unapozunguka uzito wa kushusha kitufe cha piano. Zipange kwenye ncha ya kitufe cha katikati. Zikikididimiza taratibu, uko jirani na piano. Kikianguka ghafla, ni chepesi. (Muuzaji atakuangalia. Mwache aangalie.) Kisha bonyeza kitufe hichohicho kule ndani kabisa, karibu na boksi. Mnaukumbuka wenzo na egemeo lake wa fizikia ya sekondari? Jaribu kufungua mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba. Kitufe cha piano ni kirefu, sehemu kubwa imejificha. Kontrola nyingi zimekikata ili boksi liwe dogo, na huko ndani kidole kinakwama. Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na hakiandikwi kwenye tangazo lolote.

Mwisho rudia noti moja haraka bila kuachia kitufe kipande mpaka juu. Piano kubwa ya kulala inaweza, tangu Sébastien Érard alipopata hataza ya ufundi huo mwaka 1821. Kontrola yenye sensa tatu inakaribia, ya sensa mbili hukosa noti. Ila ukisikia sauti inachelewa, usikimbilie kulaumu vitufe. Mara nyingi ni kompyuta yenyewe inayojivuta.

Toka College Park panda treni ya Green Line, badili Fort Totten uchukue Red Line hadi Wheaton. Kuna duka la Chuck Levin's, lililoanza mwaka 1958, unaruhusiwa kugusa. Mitambo ya vitufe ya kampuni nyingi hutengenezwa na Fatar wa Italia, na Studiologic ni jina lao wenyewe. Kawai VPC1 ya mwaka 2013 ina vitufe vya mbao na sensa tatu, tamu kweli, lakini ina kilo 29.5 na bei yake si ya mtu wa posho. Mimi niliishia kuchukua Roland FP-10, ambayo kusema kweli ni piano ya umeme: ina sensa tatu, kilo 12.3, spika zake ndogo, na ukiiunga na kompyuta kwa USB inakuwa kontrola. Kompyuta ikifa, bado unapiga.

Mkiwaza kurudi nacho nyumbani, vitufe 88 peke yake ni zaidi ya sentimita 120, na ndege nyingi zinataka urefu, upana na kimo kwa pamoja visizidi 158. Ongeeni na wenye kontena za magari. Na hedifoni hazizuii kila kitu: nyundo zinagonga chini, kishindo kinapita sakafuni. Jirani wa ghorofa ya pili alipanda kuniuliza usiku natwanga nini. Nimetandika zulia na mkeka juu yake, hajarudi tena. Saa nne kila usiku narudia ule wimbo wa msibani, taratibu, mpaka noti zote zitoke.